Kiwanja kisicho na hati

Kijana mmoja anayevusha wageni kwa boti kutoka Kibirizi hadi hifadhi ya Gombe aliingia ofisini kwangu hapa Mwanga, Kigoma, akakaa, akasema: "Wakili, nimenunua kiwanja. Naomba unisaidie kufuatilia hati." Nikamuuliza kiko wapi, Gungu au Bangwe? Akacheka, akanigeuzia simu yake. Kiwanja kilikuwa ndani ya mtandao.

Ameniruhusu niandike habari zake, ila nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike. Amenunua eneo kwenye mojawapo ya zile dunia za uhalisia pepe, ambamo mtu anavaa miwani maalumu na kutembea akiwa avata, yaani kikaragosi cha kidijitali kinachomwakilisha. Pale amejenga mwalo, boti, ziwa, hadi vilima vya Gombe. Mgeni aliyeko Ulaya analipa kidogo, anaonja safari, akiipenda anakuja kuifanya ya kweli. Pembeni kuna duka ambako avata zinanunua mashati ya kitenge yenye nembo yake. Wazo lenyewe nalipenda. Tatizo langu lilianzia kwenye neno "nimenunua".

Tunaoishi Kigoma tunajua kugombea viwanja. Hata kisipokuwa na hati, kina majirani, kina mwenyekiti wa mtaa, kina mchikichi aliopanda babu mpakani. Mahakama ina pa kushika. Kiwanja cha mteja wangu ni nafasi tu kwenye kompyuta za kampuni, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haina habari nacho. Kinachomlinda ni karatasi moja tu: vile vigezo na masharti ambavyo sote tunabonyeza "Nakubali" bila kusoma.

Nilivichapa. Vilifika kurasa thelathini na kitu. Tukavisoma pamoja, mimi na biro nyekundu, yeye na soda yake. Kifungu kimoja kilisema alichopewa ni leseni ya kutumia, si umiliki. Kingine kilisema kampuni inaweza kufunga akaunti wakati wowote. Kingine, mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi huko California, kwa sheria za huko. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ni mpangaji?"

Nikamwambia mpangaji ana afadhali, maana anapewa notisi. Yeye ni mgeni aliyekaribishwa kukaa.

Kuna kesi ya Marekani ambayo humsimulia kila anayeniletea mambo haya. Marc Bragg, naye mwanasheria, alikuwa akinunua ardhi ndani ya Second Life, dunia iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003. Aligundua ujanja wa kuingia mnada ambao haujatangazwa, akapata kipande kwa dola 300. Kampuni ikasema amecheza rafu, ikamfungia akaunti pamoja na kila kitu kingine alichokuwa nacho humo. Akashtaki Pennsylvania. Kampuni ikatoa kifungu kama kile cha usuluhishi wa California. Mei 2007 jaji wa mahakama ya shirikisho akakataa kukitumia, kwa sababu mkataba ulielemea upande mmoja: kampuni ilijipa uwezo wa kumfungia mtu bila kwenda popote, lakini mtumiaji akilalamika lazima asafiri na agharamie usuluhishi. Baadaye pande mbili zikaelewana nje ya mahakama, kwa hiyo swali tamu kuliko yote, kama ardhi ile ilikuwa mali yake kweli, halikujibiwa. Na uamuzi huo hauwafungi majaji wa Mahakama Kuu Kigoma. Mimi nisingependa mteja wangu awe ndiye wa kupimia.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa wa kawaida kabisa, kama ninaompa mtu anayejenga kibanda kwenye hifadhi ya barabara: usiweke pale kitu usichoweza kukibeba. Mafaili asilia ya boti na mwalo yakae kwako. Mawasiliano ya wateja yakusanye mwenyewe, kwa ridhaa yao. Mauzo yakiingia, yatoe mapema, usiyalaze kwenye pochi ya kampuni. Na piga picha za skrini zenye tarehe, uandike ulizipigaje na kwa kifaa gani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo, lakini wakili wa upande wa pili atakuuliza unajuaje haujachezewa.

Halafu nikauliza: boti hii ya 3D kaichora nani? Kumbe ni fundi wa Dar es Salaam, na makubaliano yote yako kwenye sauti za WhatsApp. Tulizisikiliza. Bei ipo, tarehe ipo, salamu za mama zipo. Hakimiliki haijatajwa hata mara moja. Kwa sheria yetu ya 1999, kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi. Fundi akiamua kesho kumuuzia boti hiyohiyo mshindani wa Kibirizi, kumzuia ni kazi. Nikamwandikia karatasi ya ukurasa mmoja akaisainishe siku hiyohiyo, kabla fundi hajajua thamani yake.

Nembo nayo ilikuwa na shimo. Ameisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, vizuri, lakini kwenye daraja la 39 tu, yaani kundi la huduma za usafiri na utalii. Nguo za kuvaliwa na mtu ziko daraja la 25. Nguo za avata, kwa kuwa ni mafaili ya kupakua, zinaangukia daraja la 9. Tanzania Bara kila daraja ni ombi lake na ada yake, kwa hiyo hapo mteja huanza kukuna kichwa. Nikamweleza habari ya MetaBirkins: msanii anayejiita Mason Rothschild aliuza tokeni (vyeti vya kidijitali) za picha za mikoba ya manyoya iliyofanana na Birkin, mkoba wa kampuni ya Hermès, akajitetea kuwa ni sanaa. Februari 2023 baraza la wazee wa mahakama New York likaamuru awalipe Hermès dola 133,000. Hakuna mkoba hata mmoja ulioshonwa.

Wakati namweleza hayo nikaona nahodha wa boti yake, avata mwenye mwendo wa madaha, amevaa jezi ya klabu kubwa ya Kariakoo. Nembo na mdhamini kifuani. Sikusema kitu, nilimwelekezea kidole tu.

Alitaka pia mgeni akishuka Gombe apokewe na avata ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika pale Julai 1960. Nikakataa. Sura na jina la mtu wa namna ile vina wenyewe, hata akishafariki. Weka sokwe, nikasema, na hata hao ukitaka kuwapiga video za biashara ndani ya hifadhi, kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwanza.

Kilichonitisha zaidi ni miwani. Ile inapima macho yanatazama wapi, mikono inakwendaje, sauti ikoje. Mteja alidhani hilo ni la kampuni. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amewasha ripoti inayoonyesha kila mgeni ametazama nini na kurekodi mazungumzo ya kwenye boti. Ukishachukua hizo, wewe ni mkusanyaji chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Unajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na vipimo vya maumbile ya mtu vinahesabiwa taarifa nyeti. Wateja wake wakiwa Ulaya, sheria ya kule nayo inamfuata hadi Kibirizi. Tuliizima ripoti palepale mezani.

Malipo ya sarafu za kidijitali sitayachambua leo. Benki Kuu ilitahadharisha Novemba 2019 kuwa si fedha halali, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Sio fedha, ila kodi yake ni fedha. Mwone mhasibu.

Wiki iliyopita alirudi. Fundi amesaini. Jezi imevuliwa, na nahodha sasa amevaa shati la kitenge, ua kubwa la manjano mgongoni, limemkaa kweli. Nikamuuliza kakitoa wapi. "Nimekipiga picha sokoni, Wakili, ni kile cha Kongo."

"Na ua hilo kalichora nani?"

Akavuta kiti, akakaa tena.