Jina lako halijachafuka, omba tu

Wiki hii huyu ni wa nne. "Dada, hapo kwenu nilishafanya usaili mwaka juzi nikakosa. Jina limeshachafuka, siombi tena." Jamani! Nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka 12 hapa Dar es Salaam, leo acheni niseme.

Kukosa si kufeli. Nafasi ni moja, wanaofaa ni watatu, wawili lazima warudi nyumbani. Wa pili akituma maombi tena mimi hufurahi, kazi yangu imepungua nusu. Serikalini hili lina utaratibu kabisa: Sekretarieti ya Ajira huwaweka kwenye kanzidata waliofaulu usaili wakakosa nafasi, na nafasi ikipatikana wanapangiwa kituo. Ndiyo maana mtu anaitwa kazini wakati alishakata tamaa.

Kampuni binafsi? Mnatudhania tumejipanga kuliko tulivyo. Fomu za alama ziko kwenye boksi fulani, na faili la Excel liliondoka na kompyuta ya mwenzetu aliyehama. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haituruhusu kukaa na taarifa zako kupita muda unaohitajika.

Kinachobaki ni vichwa vya watu na barua pepe za zamani, na vichwa havikumbuki kwamba ulibabaika kwenye swali la VAT. Vinakumbuka uliyesaini mkataba, Jumatatu hukutokea na simu ukazima. Vinakumbuka uliyemfokea mlinzi getini. Halafu kuna hili linalonichosha kuliko yote: wasifu unaobadilika historia. Mara ya kwanza ulikuwa karani wa hesabu mpaka Juni 2021. Leo, kampuni ileile, ulikuwa mhasibu mwandamizi mpaka Desemba. Ndugu yangu, natafuta jina lako kwenye barua pepe, wasifu zote mbili zinatokea, moja juu ya nyingine! Uliyepata CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) katikati hapo naiona CPA yako. Uliyejipandisha cheo mwenyewe nakuona pia.

Fomu ikiuliza kama uliwahi kuomba hapa, jaza ndiyo. Usiandike insha.

Sasa sitawadanganya. Kuna siku mjumbe mmoja alisema "huyu tulishamwona", tukampita bila kumwita, na mimi nilinyamaza. Labda alikuwa ameiva. Siwezi kujua, na bado linanikera. Hata ile habari ya "subiri miezi sita" naisikia kila mahali, lakini hakuna jopo nililokaa lililowahi kuhesabu miezi. Tunachouliza ni kama kuna kipya.

Yule wa nne nilimuuliza aliomba kazi gani. Uhasibu. Tuliyemchukua badala yake ameacha kazi mwezi uliopita, na tangazo linafungwa Ijumaa.