Ramani ya Matetemeko Inapohuishwa: Yasemwayo Kigoma na Ukweli Wake

Mkazi wa Kigoma akisikia kwamba ramani ya hatari ya matetemeko ya ardhi ya ukanda wetu imehuishwa, na kwamba rangi iliyokuwa ya manjano juu ya Ziwa Tanganyika sasa imekuwa nyekundu, swali lake la kwanza huwa ni lini tetemeko litapiga. Swali hilo halina jibu katika ramani, kwa sababu ramani si utabiri. Haitaji siku wala mwaka, na hakuna chombo duniani kinachoweza kuvitaja. Inachokadiria ni kiwango cha mtikisiko ambacho, mahali fulani, kina uwezekano wa asilimia 10 wa kufikiwa au kupitwa katika kipindi cha miaka 50, ambacho ni takriban umri wa matumizi ya jengo la kawaida.

Hesabu hiyo nayo imezaa dhana yake. Asilimia 10 katika miaka 50 ni sawa na wastani wa mara moja katika miaka 475, na wapo wanaodhani kwamba mtikisiko huo ukishatokea, vizazi kadhaa vitapumzika. Wastani si ratiba. Mtikisiko wa namna hiyo unaweza kutokea mara mbili katika uhai wa mtu mmoja, na vilevile miaka yote 475 inaweza kupita bila kutokea. Uwezekano wa kutokea angalau mara moja katika muda wote huo ni kama asilimia 63 tu.

Dhana iliyoenea zaidi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa, husema kwamba ramani ikibadilika basi ama ardhi imeanza kuchafuka, ama wataalamu wa mwanzo walitudanganya. Yote mawili si kweli. Pande mbili za Bonde la Ufa la Magharibi, ambamo Ziwa Tanganyika limelala, huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, na mwendo huo haubadiliki kati ya toleo moja la ramani na jingine. Kinachobadilika ni ujuzi wetu. Ramani ya dunia ya hatari ya matetemeko iliyotolewa mwaka 1999 ilitegemea orodha ya matetemeko yaliyojulikana wakati huo, na orodha ya ukanda huu ilikuwa na mapengo, kwa kuwa vituo vya kupimia mitetemo vilikuwa vichache mno. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, ambalo ukubwa wake hukadiriwa kuwa takriban 7.4, lilitokea wakati vipimo vya karibu havikuwepo. Kukisogeza kitovu cha tetemeko la namna hiyo kilomita chache, au kuurekebisha ukubwa wake kidogo, kunaweza kubadilisha rangi ya baadhi ya maeneo. Baadaye zikaja orodha zilizosafishwa, vipimo vya setilaiti vinavyoonyesha ardhi inavyotanuka, na kanuni bora za kukadiria jinsi mtikisiko unavyopungua kadiri unavyokwenda mbali na kitovu, ingawa nyingi za kanuni hizo bado huazimwa kutoka nchi zenye rekodi nyingi kuliko zetu. Taasisi ya GEM (Global Earthquake Model), inayokadiria hatari ya matetemeko duniani na yenye makao yake Pavia, Italia, ilipotoa ramani yake ya dunia mwaka 2018, ilikuwa na mengi ya kutumia ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Daktari anayebadili dawa baada ya kuona majibu ya maabara hatumwiti mwongo.

Wengine husema: matetemeko makubwa ni ya Wakongo, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 150 kusini mwa Kigoma. Nyumba zilianguka Kalemie, upande wa Kongo, na mtikisiko ulisikika katika nchi kadhaa. Mawimbi ya tetemeko hayasimami forodhani, na ndiyo maana ramani hizi hutengenezwa kwa ukanda mzima.

Tabora nayo ina dhana yake, kwamba huko hakuna hatari kabisa. Ni kweli kwamba mji huo umekaa juu ya miamba migumu yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na anayepanda treni kutoka Tabora kuelekea Kigoma huiacha miamba hiyo nyuma na kulikaribia bonde la ufa. Hata hivyo, rangi hafifu maana yake ni uwezekano mdogo, si sifuri.

Limebaki jambo ambalo hata mafundi hodari hulikosea: kudhani kwamba rangi moja juu ya mji mzima inamaanisha mtikisiko mmoja kwa kila kiwanja. Ramani za ukanda kwa kawaida hukokotolewa kana kwamba kila mahali ni mwamba mgumu. Mchanga na tope laini, kama la bonde la Mto Luiche karibu na Ujiji, huweza kuukuza mtikisiko uleule mara kadhaa, na ardhi iliyojaa maji inaweza kupoteza uimara wake kabisa. Nyumba mbili zilizojengwa kwa tofali na saruji zilezile, moja kilimani juu ya mwamba na nyingine bondeni, zimo ndani ya rangi moja, lakini hazitatikiswa sawa. Tofauti hiyo haiwezi kuonekana katika ramani ya ukanda hata ihuishwe mara ngapi. Huonekana pale udongo wa kiwanja chenyewe unapochimbwa na kupimwa kabla ya msingi kuwekwa.