Je, wajua kwa nini stoma yenyewe haiumi, lakini ngozi iliyo pembeni yake huungua?

Daktari wa upasuaji anapoupitisha utumbo kwenye tundu la tumboni na kuushona pale ili choo kitokee njia hiyo, kile kinachoonekana nje ndicho stoma. Ni nyekundu, imelowa kama upande wa ndani wa shavu, na ukiigusa haiumi. Utumbo hauna neva za kuhisi kukatwa wala kuchomwa. Unachohisi ni kuvutwa na kujaa, ndiyo maana gesi ikibana tumbo husokota. Ukiifuta inaweza kutoa vitone vya damu, kama fizi mswaki unapopita. Usishtuke. Shtuka ikigeuka zambarau au nyeusi, maana hapo damu haifiki, na ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Huko kutohisi kuna hatari yake: ukingo wa bamba la gundi, lile linalobandikwa kuizunguka stoma ili lishike mfuko wa choo, unaweza kuikwaruza stoma kutwa nzima na mwenyewe asijue. Ngozi ndiyo inayolia, hasa kwa wenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba. Choo chake ni majimaji yenye nyongo na vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuyeyusha protini, na ngozi nayo ni protini. Kikiiloweka kwa saa chache tu, inakuwa nyekundu na kuanza kuchubuka. Kolostomi, ile ya utumbo mpana, ina nafuu kwa kuwa choo chake kimeshapungua maji na ukali.

Ndiyo sababu ileostomi nzuri huchomoza kama chuchu, sentimita 2 hadi 3, ili majimaji yadondokee mfukoni. Mwaka 1952 daktari Mwingereza Bryan Brooke alieleza namna ya kuikunja ncha ya utumbo kama unavyokunja mkono wa shati, upande wa ndani ukatokea nje. Kabla ya hapo ncha iliachwa bila kukunjwa, ukuta wa nje wa utumbo ukaoga majimaji yale, ukavimba na kuziba.

Mfuko unapovuja, watu hulaumu gundi. Mara nyingi kosa ni la mkasi. Stoma huwa imevimba baada ya upasuaji, kisha hunywea kwa wiki 6 hadi 8, ilhali mtu anaendelea kukata bamba kwa kipimo alichopewa wodini. Tundu likibaki kubwa, ngozi iliyo wazi huloweshwa, na ngozi iliyolowa haishiki gundi, kwa hiyo kuvuja huzaa kuvuja. Pima kila unapobadilisha katika wiki hizo, ukate tundu liizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu kuizunguka.

Badilisha asubuhi kabla ya chai, utumbo ukiwa umetulia. Bandua bamba kutoka juu kwenda chini, mkono mmoja ukiibonyeza ngozi badala ya kulivuta bamba. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini; sabuni si lazima, na yenye mafuta ni adui. Vaselini na mafuta ya nazi, tunayopaka watoto kila upele unapotokea, hapa hayafai kabisa kwa sababu bamba litateleza. Kausha kwa kugusagusa. Lipashe bamba moto kwapani dakika chache, libandike, kisha ulifunike kwa kiganja kwa dakika moja au zaidi ili gundi ilainike na kushika. Ukihisi kuwashwa au kuchomwa chini ya bamba, libandue uangalie, hata kama ulilibandika jana.

Mfuko umwage ukifika theluthi moja, usizidi nusu. Ukijaa, uzito wake hulivuta bamba. Ukivimba kwa gesi, usiutoboe kwa pini. Utapata tundu la kutolea harufu mchana kutwa! Fungua mdomo wake chooni uitoe. Mifuko ya akiba usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, gundi yake huharibika.

Kwa ileostomi, maji ndiyo hesabu kubwa. Kwa kawaida hutoka kama mililita 500 hadi 800 kwa siku. Ikipita lita 1.5, mkojo ukawa wa njano iliyokolea na misuli ikakaza, mwili unapoteza maji pamoja na chumvi. Kunywa maji matupu kwa wingi hakusaidii, hata huongeza kinachotoka. Tumia ORS, pakiti ya lita 1 kwenye lita 1 kamili, ukinywa kidogo kidogo, na umwone daktari.

Karibu vyakula vyote utarudia kuvila polepole. Lakini mahindi ya kuchoma, nyama ya nazi, karanga na nyuzi za embe viepuke wiki 6 hadi 8 za mwanzo, na baadaye uvitafune hasa, kwani vikikusanyika huziba. Dalili ni tumbo kusokota, stoma kuvimba, na mfuko kubaki mtupu au kutoa maji matupu. Yakipita masaa 6 bila kutoka kitu, au ukianza kutapika, nenda hospitali, na wala usinywe dawa ya kukufanya uharishe kabla ya kufika.