Tani 77 za C-17 hazipangwi kama gunia kwenye Fuso

Mtu akiona ndege kubwa ya kijeshi ikishuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huuliza kwanza: inabeba tani ngapi? C-17 ya Marekani hubeba takriban tani 77, sawa na gunia 770 za mahindi za kilo mia. C-5M, ndege nyingine ya mizigo ya jeshi hilo, hufika tani 127. Lakini mpakiaji hamalizi kazi kwa kujua namba hiyo.

C-17 hairuhusiwi kuruka ikiwa na zaidi ya tani 265. Ikiwa tupu ina kama tani 128. Zinabaki 137, na humo mzigo unagawana na mafuta. Ukipakia tani 77, mafuta hayazidi 60, ilhali matangi yanameza zaidi ya 100. Safari inafupika. Tena KIA iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Jua la Februari likiwaka, hewa huwa nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa nguvu. Njia ya kurukia ya mita 3,600 iliyopo pale ni msaada mkubwa.

Halafu sakafu. Dereva wa lori anayepita mizani anajua kwamba jumla inaweza kuwa halali na ekseli moja ikazidi. Ndani ya ndege ni vilevile. Tairi linalogusa sentimita 20 kwa 25 likizidi uwezo wa sakafu, weka ubao chini yake. Uzito husambaa kwa nyuzi 45, kwa hiyo ubao wa sentimita 5 unaongeza sentimita 5 kila upande: eneo linakuwa 30 kwa 35, zaidi ya mara mbili.

Pima kila ekseli peke yake. Ya mbele ikiwa tani 4, ya nyuma tani 6, na kati yao mita 4, kitovu cha uzito kiko mita 2.4 kutoka ekseli ya mbele. Kichore kwa chaki ubavuni mwa lori, maana kwa alama hiyo ndipo lori hupangiwa mahali pake ndani ya ndege.

Kufunga ndiko kunakodharauliwa, na ndiko kunakoua. Kanuni ya kijeshi ya Marekani inataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu mara 3 ya uzito wake, kwenda juu mara 2, nyuma na pembeni mara 1.5. Lori hilo la tani 10 linadai tani 30 kwa mbele. Mnyororo unaohimili tani 4.5 ukiinama nyuzi 30 kutoka sakafuni, na nyuzi 30 nyingine ukitazamwa kutoka juu, unabakiwa na asilimia 75 ya nguvu yake, kama tani 3.4. Gawanya 30 kwa 3.4, unapata kama minyororo 9. Funga 10, kwa sababu minyororo hufungwa jozijozi, kushoto na kulia.

Aprili 29, 2013, Boeing 747 ya mizigo iliyobeba magari ya kivita yaliyofungwa kwa mikanda ilianguka mara tu baada ya kuruka Bagram, Afghanistan. Wote 7 waliokuwamo walifariki. Wengi hudhani ni uzito tu uliohamia nyuma. Uchunguzi ulionyesha zaidi ya hapo: gari lilichomoka, likagonga sehemu ya mkia, likaharibu mifumo ya haidroliki na mtambo unaoendesha bawa la mkia. Rubani hakubakiwa na namna ya kuishusha pua.