Matokeo Yangu Niyasome Mwenyewe: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Programu za Simu za Vyuo Vikuu

Matokeo ya mtihani yametoka usiku. Darasa zima linafungua programu ya chuo kwenye simu, na baada ya dakika mbili kila mtu ameshajua amefaulu wapi na amekwama wapi. Mwanafunzi asiyeona naye anafungua programu hiyohiyo. Kisoma skrini, ile sauti inayomsomea yaliyomo kwenye kioo cha simu, kinamwambia: “Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.” Anajaribu, anarudia, mwisho anampa simu mwenzake wa chumba amsomee. Mwenzake anazijua alama zake kabla yake yeye. Kesho akitaka kujua deni la ada atampa simu tena, na programu ikimtaka aingie upya atalazimika kumtajia nenosiri.

Mimi hupima programu ya chuo kwa swali moja: je, mwanafunzi mwenye ulemavu anaweza kuimaliza shughuli yake mwenyewe, na siri zake zikabaki zake? Maneno mengi ninayoyasikia kutoka kwa wasanidi programu na wakuu wa idara za TEHAMA hayasimami mbele ya swali hilo.

“Chuoni kwetu wenye ulemavu wanahesabika”

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani takriban mtu mmoja kati ya sita duniani, wana ulemavu mkubwa. Wengi wao huwezi kuwatambua kwa macho. Mwenye uoni hafifu anatembea ukumbini kama wengine. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, hana alama usoni, wala mwenye kifafa, wala yule ambaye mikono yake hutetemeka akishika kitu kidogo. Wengi hawajiandikishi popote kuwa wana ulemavu, kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Kisha kuna walioshindwa kuingia kabisa. Takwimu za programu huhesabu wanaoitumia; aliyekwama kwenye ukurasa wa kwanza akaacha haonekani humo. Mkuu wa idara akisema “hatujapata malalamiko”, huenda fomu ya malalamiko yenyewe ndiyo isiyosomeka.

Hata rangi peke yake inatosha kumwacha mtu nje. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya 12 ana upofu wa rangi wa namna fulani. Kwa wanawake ni kama mmoja kati ya 200. Ratiba inayoonyesha kipindi kilichopo kwa kijani na kilichoahirishwa kwa nyekundu, bila neno lolote, inamfanya mwanafunzi wa aina hiyo akae kwenye ukumbi mtupu. Dawa yake ni neno moja tu kando ya rangi: “Kimeahirishwa”.

“Simu zina kisoma skrini tayari, sisi hatuna la kufanya”

Ni kweli kwamba simu zinacho. VoiceOver iliingia kwenye iPhone mwaka 2009, na TalkBack ikaja kwenye Android mwaka huohuo. Lakini dhana hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo inafaa tuielewe kazi ya kisoma skrini.

Asiyeona hutelezesha kidole kulia kwenda kwenye kitu kinachofuata, na kushoto kurudi nyuma. Kila kitu anachokifikia husomwa kwa sauti, na akitaka kukifungua hugusa mara mbili. Kisoma skrini hutegemea maelezo ambayo msanidi ameyaandika nyuma ya pazia: jina la kitu, aina yake kama ni kitufe, kichwa cha habari au kisanduku cha kuteua, na hali yake kama kimewashwa au kimezimwa. Msanidi akichora kengele nzuri akaacha kuipa jina, mwenye macho ataelewa ni taarifa mpya, na asiyeona atasikia “kitufe”. Chuo kinaweza kumpa mwanafunzi simu bora kuliko zote sokoni, na bado akasikia “kitufe”.

Kuvipa vitu majina ndiyo hatua ya kwanza, na wengi huishia hapo. Inayofuata ni mpangilio. Ratiba iliyowekwa kama jedwali humsomea mtu siku zote tano kwanza, halafu saa, halafu mrundikano wa masomo usiojulikana lipi ni la lini. Kila kipindi kikifungwa pamoja kama kitu kimoja, anasikia: “Kemia, Jumatatu, saa mbili asubuhi, ukumbi namba 4.” Sentensi moja, na anajua pa kwenda. Vichwa vya habari navyo vikitambulishwa kama vichwa, anaweza kuruka kutoka “Ada” hadi “Matokeo” bila kupitia kila mstari wa katikati. Wenye macho hufanya hivyo kwa kutupa jicho mara moja.

Lugha pia hutajwa kwenye programu. Isipotajwa, sauti inaweza kusoma maneno ya lugha moja kwa matamshi ya lugha nyingine, na tangazo la mtihani likageuka kelele tupu.

Halafu kuna ujumbe unaojitokeza chini ya kioo na kutoweka: “Umesajiliwa.” Usipotangazwa kwa sauti, mwanafunzi hajui kama usajili umekubaliwa. Atabonyeza tena na tena, au atakaa wiki nzima akiamini amesajiliwa kumbe fomu ilikataliwa kwa kosa lililoandikwa juu kwa herufi nyekundu.

“Ufikivu ni kwa ajili ya wasioona”

Ufikivu ni programu kutumika na wenye ulemavu wa kila aina. Mwanafunzi anayetumia kitimwendo huenda amefungia simu yake kwenye mkono wa kiti, ikiwa imelala upande. Programu iliyolazimishwa kusimama wima inamtaka ageuze shingo, kwa sababu simu hawezi kuigeuza. Mwingine hatumii vidole kabisa: anabonyeza swichi moja kwa kichwa au kwa goti, na simu inampitisha kwenye vitufe kimoja baada ya kingine mpaka afike anapotaka. Yupo pia anayeiamuru simu kwa sauti, akitaja jina la kitufe analoliona. Hapo ndipo lile jina la nyuma ya pazia linapomsaidia hata mwenye macho: kitufe kikionekana “Lipa ada” huku kwa siri kimeitwa “Wasilisha”, atasema “lipa ada” mpaka koo likauke.

Kwa mwenye mkono unaotetemeka, ukubwa wa kitufe ni jambo zito. Apple inashauri vitufe visipungue pointi 44 kwa 44, na Google vizio 48 kwa 48 vya Android, ambavyo ni kama milimita 9 kila upande. Vialama viwili vidogo vilivyobanana, “Thibitisha” na “Futa”, vinaweza kumfutia mtu usajili wa muhula mzima.

Muda nao ni kizuizi. Programu nyingi humtoa mtu akikaa kimya dakika chache, na hilo lina sababu ya kiusalama. Lakini anayeandika kwa swichi au anayesoma polepole huonekana kimya huku anafanya kazi. Mwongozo wa ufikivu uitwao WCAG, wa shirika la viwango vya wavuti la W3C, ambao ndio kipimo kinachotumika duniani, unataka mtu aonywe na apewe walau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo chepesi kama mguso mmoja. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza jambo la kuingia: mtu asilazimishwe kukumbuka au kutegua fumbo ikiwa hana njia nyingine. Programu inayokataza kubandika nenosiri kutoka kwenye programu ya kutunzia manenosiri inawaadhibu wenye shida ya kumbukumbu, tena bila faida ya usalama.

Viziwi husahaulika kwa sababu watu hudhani mtu akiona anasoma. Video ya maelekezo bila manukuu inawaacha nje, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba lugha ya ishara ina sarufi yake, na kwa kiziwi aliyekua nayo maandishi ni lugha ya pili. Tangazo la chuo lenye sentensi ya mistari sita iliyojaa “kwa mujibu wa” na “pasipo kuathiri” linamchosha yeye kwanza, kisha linatuchosha sisi sote. Tahadhari ya moto ije kwa mtetemo na maandishi pamoja na sauti. Na msaada usiwe namba ya kupigia tu. Pawe na njia ya kuandika ujumbe.

“Tutawatengenezea toleo lao”

Toleo la pembeni huachwa. Programu kuu inapata ukurasa wa mikopo leo, toleo la pembeni linaahidiwa muhula ujao. Na anayelitumia anajitangaza kuwa ana ulemavu kila anapoingia, atake asitake.

“Tumeipima kwa programu ya ukaguzi, ikasema safi”

Mwaka 2017 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilitengeneza ukurasa uliojazwa vikwazo kwa makusudi, zaidi ya 100, kisha ikajaribu zana za ukaguzi wa kimashine. Iliyofanya vizuri kuliko zote iligundua takriban asilimia 40.

Sababu yake inaeleweka. Mashine huona kwamba picha ina jina; haioni kwamba jina lenyewe ni “picha 1”. Huhesabu utofautishaji wa rangi vizuri sana, lakini haiwezi kusema kama maelekezo yanaeleweka, wala kama mtu anaweza kutoka mwanzo wa fomu hadi mwisho bila kupotea. Zana hizi zitumike kila siku, ni msaada mkubwa kwa makosa ya wazi. Baada yake waitwe wanafunzi wenyewe, wenye ulemavu tofauti, na walipwe kama mtaalamu yeyote anayefanya kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

“Itakuwa mbaya, tena ghali”

Kuhusu urembo sitakaa sana. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kukatika. Kinachopotea ni ile kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambayo hata mwenye macho mazima hawezi kuisoma juani.

Gharama hutegemea umeanza lini. Kitufe kilichotengenezwa vizuri mara moja kikatumika kwenye kurasa 40 hakiongezi bajeti. Kurekebisha kurasa 40 zilizojengwa kila moja kwa namna yake, baada ya chuo kizima kuzizoea, ndiyo kazi inayokula fedha.

Wapo wanaoongeza kwamba yote haya ni hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Ibara ya 9 inazungumzia ufikivu, pamoja na wa teknolojia ya habari, na ibara ya 24 inazungumzia elimu hadi ngazi ya juu. Katika Umoja wa Ulaya, programu za simu za taasisi za umma zimebanwa na masharti ya ufikivu tangu Juni 2021. Aprili 2024 Marekani nayo ilitoa kanuni inayotaka tovuti na programu za simu za taasisi za umma za majimbo, vyuo vikuu vya umma vikiwemo, zifuate WCAG 2.1 ngazi ya AA, ya pili kati ya ngazi zake tatu.

“Sehemu hiyo si yetu”

Programu ni safi, ila ukurasa wa malipo umetengenezwa na kampuni nyingine na hausomeki. Au maktaba inafunguka vizuri, ila sura aliyoipakia mhadhiri ni picha za kurasa zilizopigwa skani, na kisoma skrini hakina cha kusoma. Mwanafunzi hajui mpaka wa mkataba uko wapi. Yeye ameshindwa kulipa ada. Masharti ya ufikivu yanapaswa kuwemo kwenye zabuni kabla ya saini, kwa maana baada ya saini chuo kinabaki kuomba.

“Tulishalimaliza mwaka jana”

Wasioona wengi huizoea programu mbovu kwa kuhesabu: kitufe cha kwanza ni ratiba, cha pili matokeo, cha tatu ni malipo. Kisha linakuja toleo jipya, kitufe kimoja kimeongezwa juu, kingine kimehamishwa, hakuna chenye jina. Sauti bado inasema “Kitufe. Kitufe. Kitufe.” Mwanafunzi anahesabu hadi tatu kama alivyozoea, anagusa mara mbili, na safari hii cha tatu ni “Ahirisha masomo”.

Jaribio la kuzuia hilo huchukua robo saa kabla ya kila toleo: msanidi awashe TalkBack au VoiceOver, azime kioo kiwe cheusi, zote mbili zinaruhusu hivyo, kisha aingie, atafute matokeo, alipe ada, atoke. Akijikuta anataka kuwasha kioo achungulie, toleo hilo lisitoke siku hiyo.