Mgomo wa Mombasa wa 1947 na serikali kama msuluhishi

Serikali inapoingia kati ya waajiri na wafanyakazi waliogoma, sisi tunaofanya kazi ya usuluhishi huuliza kwanza iwapo yupo mtu ambaye akiwaambia wagomaji warudi kazini watamsikiliza. Hesabu za mishahara hufuata baadaye. Mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947 unalieleza jambo hili vizuri, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimpata mtu wa kuumaliza mgomo, kisha ikamwondoa yule ambaye ingemhitaji katika mazungumzo yaliyofuata.

Mgomo ulianza tarehe 13 Januari na kuwavuta watu wapatao 15,000, wakiwemo makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani. Gharama za maisha zilikuwa zimepanda sana wakati wa vita, mishahara ikabaki nyuma, na vyumba vya kupanga mjini havikutosha. Wagomaji walikuwa wakikutana Kiwanja cha Maskini, na kutokana na mgomo huo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuliongoza. Reli ilikuwa mali ya serikali. Hivyo aliyetakiwa kuwapatanisha watu hawa na waajiri wao alikuwa mwenyewe ni mwajiri, tena mwenye polisi na magereza.

Aliyefungua njia ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Alikwenda Mombasa na kuzungumza na wagomaji, nao wakarejea kazini baada ya siku 12 hivi, wakiahidiwa kwamba madai yao yangesikilizwa na baraza maalumu. Baraza hilo, chini ya Jaji Thacker, lilitoa uamuzi wa awali wa kuongeza mapato yao kabla ya kutoa ule wa mwisho. Naiona hatua hiyo kuwa ya busara kubwa, maana mtu aliyerudi kazini kwa ahadi tupu huhesabu siku, na kila siku inayopita imani yake kwa msuluhishi hupungua. Lakini Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Baringo, na shirikisho likadhoofika. Wafanyakazi walipata nyongeza, wakampoteza mtu wa kuwasemea.

Siku hizi njia imeandikwa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007 inaelekeza mgogoro upelekwe kwa Waziri, ambaye humteua mpatanishi. Mpatanishi hupewa siku 30, au zaidi pande zote zikikubaliana, na mgomo hauwezi kuanza kabla ya notisi ya maandishi ya siku 7. Muda huo una faida tu pale msuluhishi anapoutumia kuzunguka kutoka chumba cha waajiri hadi chumba cha chama, akipima ni dai lipi linaweza kulegezwa na lipi haliguswi. Nami ninapoandaa mkataba wa kurejea kazini, kifungu cha kutomwadhibu yeyote kwa kuongoza au kushiriki mgomo hukiandika kabla ya kile cha mishahara, na siukubali mkutano ufungwe kabla pande zote mbili hazijakitia saini.