Magari ya Mirihi Hufeli Kwanza Jangwani

Dereva aliyezoea kuvuka makorongo ya mchanga ya Kondoa wakati wa kiangazi anajua kwamba gari likianza kuzama, kuendelea kukanyaga mafuta ni kulichimbia shimo; hushuka, akapunguza upepo wa matairi, akatandika matawi chini ya magurudumu, na wapita njia wakamsaidia kusukuma.

Gari la utafiti lililoko Mirihi halina wa kulisukuma. Mwaka 2009 gari la Marekani liitwalo Spirit lilitoboa ganda jembamba la ardhi na kunasa katika mchanga laini uliojificha chini yake. Wahandisi huko California walichanganya udongo wa kuigiza ule wa Mirihi, wakaingiza humo gari la mfano na kujaribu mbinu kwa miezi kadhaa kabla ya kutuma amri, lakini Spirit halikunasuka, na mawasiliano yake ya mwisho yalipokelewa Machi 2010.

Ni afadhali kasoro ionekane mahali ambapo fundi anaweza kupiga magoti akaitazama. Mei 2012, miezi mitatu kabla ya gari Curiosity kutua, mfano wake ulijaribiwa kwenye matuta ya mchanga ya Dumont, katika jangwa la Mojave. Curiosity lina kilo 900 hivi, ila nguvu ya uvutano ya Mirihi ni kama asilimia 38 tu ya ile ya Dunia. Kwa hiyo mfano huo ulifanywa mwepesi, bila kompyuta yake, ukaitwa Scarecrow, yaani sanamu ya kutishia ndege. Mkulima wa mtama wa Bahi ataliona jina hilo linafaa: kiwiliwili kipo, ubongo haupo. Hata hivyo jaribio hilo lina mpaka wake, kwa sababu gari hupunguzwa uzito lakini chembe za mchanga hubaki na uzito wa Duniani.

Kwa maoni yangu, kinachosahaulika zaidi ni watu. Ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika Mirihi, kutegemea umbali wa sayari hizo mbili, na hapo utaratibu uliozoeleka wa kuuliza na kujibiwa papo hapo huvunjika. Februari 2018, wataalamu wa Austria waliofanya mazoezi ya kuigiza safari ya Mirihi katika jangwa la Dhofar, Oman, waliuchelewesha ujumbe kwa dakika 10 makusudi, ili aliyevaa suti ya anga ajifunze kuamua mwenyewe.

Wanafunzi huniuliza kama Dodoma ingefaa kwa majaribio ya namna hiyo. Dodoma si jangwa. Hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na Januari korongo laweza kugeuka mto kwa saa chache. Lakini kwa anayeunda roboti yake ya kwanza, korongo kavu la Septemba linatosha: apime mteremko, apime kwa rula kina cha alama ya gurudumu, na roboti ikinasa, aandike kwanza ilivyonasa kabla hajaivuta.